Majina Yametoka, Mimi Nimebaki

Alhamisi moja, baada ya chai ya saa nne, mwalimu wa taaluma alisimama mbele ya ratiba kuu akiwa na kifutio. Ratiba yetu ni karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, karibu na kabati la vitabu. Mistari imepigwa kwa rula na kila mwalimu ana herufi zake mbili. Miaka ya nyuma tuliiandika kwa wino mzito na mwaka mzima haikuguswa. Siku hizi tunaiandika kwa penseli.

Alikuwa anafuta herufi za kijana wa Fizikia. Majina ya walimu walioitwa kazini serikalini yalikuwa yametoka asubuhi ile, na kijana alishaliona la kwake kwenye PDF kabla ya kengele ya mstarini. Mwalimu wa taaluma alifuta taratibu, maana karatasi ile imefutwa mpaka imeota manyoya. Alipofika kwenye kisanduku cha Kidato cha Tatu B, kipindi cha tano, karatasi ikatoboka. Akalitazama tundu kidogo. Akakata kipande cha karatasi, akapaka gundi, akaziba, akaandika herufi mpya juu yake.

Zilikuwa herufi zangu.

Nilikuwa nimekaa palepale nasahihisha madaftari. Aligeuka, akatabasamu, akasema, "Madam, wewe upo," kisha akahamia kisanduku kinachofuata.

Hakuniuliza.

Sina neno baya juu yake. Ni mtu mwema, anaingia darasani kuliko sisi wengine, na siku ile alikuwa na visanduku vingi vya kuziba kabla ya kengele. Lakini zile herufi zimenikaa moyoni wiki nyingi. Kijana aliyekuwa anaondoka alipigwa picha, akapewa mkono, akaombewa. Mimi niliyebaki nikagawiwa vipindi vyake bila kugeuziwa hata uso kwanza. Nikawa najiuliza: hivi lini nilikubali kubaki? Nani aliniuliza, na nilijibu nini?

Siku 28 na siku 14

Mwenye kufundisha shule binafsi anaujua msimu huu kama mkulima anavyoyajua mawingu. Zamani walimu wa serikali walikuwa wanapangiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa, moja kwa moja. Sasa wanapita Sekretariati ya Ajira, kuna usaili wa kuandika na wa kuhojiwa, na ofisi zenyewe zipo hapahapa Dodoma, ndani ya Chuo Kikuu, jengo la Asha-Rose Migiro. Ndiyo maana tetesi hutufikia mapema. Kuna mtu amemwona mtu, kuna mtu amesikia wiki hii haipiti. Wiki inapita. Halafu usiku mmoja PDF inatua kwenye makundi yote ya WhatsApp, na kesho yake asubuhi unamjua aliyeitwa kwa namna anavyotembea.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo wazazi wengi hawalijui, na ndilo linalofanya watoto wao waamke wakute mwalimu hayupo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28. Barua ya kuitwa kazini serikalini nayo humpa mtu muda wa kuripoti, mara nyingi siku 14. Hizo mbili hazikai pamoja. Kijana anachagua: amlipe mwajiri mshahara wa notisi ambao hana, au aondoke hivyohivyo. Usimlaumu. Amesubiri ajira miaka, amefanya usaili na maelfu ya wenzake, na anaambiwa asiporipoti kwa wakati nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kijana wetu wa Fizikia aliondoka kwa heshima. Jioni ya mwisho alinipeleka maabara, akanikabidhi funguo na leja ya vifaa, tukahesabu pamoja mizani, lenzi na nyaya. Akanionesha voltimita ipi inadanganya na inadanganya kwa kiasi gani. Alikuwa ameifungia uzi mwekundu ili wanafunzi waijue. Sijawahi kuona makabidhiano mazuri namna ile. Wengine walioondoka kabla yake, Jumanne alikuwa darasani, Jumatano simu haipatikani, Ijumaa unaona picha yake kwenye status amesimama mbele ya kibao cha shule huko Kakonko, Kigoma, na maneno "Mungu ni mwema."

Na kweli ni mwema. Nani asingefurahi? Mshahara una tarehe. Benki inakukopesha ukishakuwa na cheki namba, ile namba ya mtumishi wa serikali. Kuna kupanda daraja, kuna bima, kuna malipo ya likizo. Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia alipotangaza kuwa kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, chumba chetu cha walimu kilinyamaza. Hatukuwa na chuki. Kila mtu alikuwa anapiga hesabu yake kichwani, na nadhani siku ile ndiyo baadhi yetu waliondoka, miili ikafuata baadaye.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo, ule tuliosomea chuo, unakatwa asilimia 15 kwa aliye serikalini na kwa aliye kwetu. Tofauti ni kile kinachobaki.

Anayebaki ndiye anayehojiwa

Anayeondoka hatakiwi kujieleza. Watu wanasema "ameula", basi, imetosha.

Anayebaki anaulizwa kila mahali. Nimeulizwa na dada anayenisuka pale Majengo. Nimeulizwa na kijana wa bodaboda anayenipeleka Ipagala, ambaye ana digrii ya ualimu na anasubiri PDF kama wengine. Nimeulizwa na mzazi siku ya kuchukua ripoti, mtumishi wa wizara mojawapo kule Mtumba, mama mwenye upole: "Madam, na wewe bado hujapata tu?"

Bado hujapata tu. Ina maana nipo pale kwa sababu nimekosa pengine.

Sishangai swali hilo kutoka kwake. Mji huu umejengwa na watu walioambiwa wahame. Uamuzi wa kuleta makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini kishindo chenyewe tulikisikia baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016. Mabasi ya watumishi, mafuso ya makochi, wapangaji waliokuwa wanatafuta nyumba Kisasa na Ilazo kwa bei yoyote. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo ambalo leo ni jiji. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Wengi wa wazazi wetu wamo kwenye tofauti hiyo. Maisha yao yamepangwa kwa barua: barua ya ajira, barua ya uhamisho, barua ya kupanda daraja. Mtu mwenye maisha ya namna hiyo akimwona mwalimu wa hisabati mwenye digrii amekaa shule moja ya binafsi tangu ina madarasa manne na choo cha bati, lazima adhani kuna barua haijafika.

Mama yangu, aliye Mvumi, aliniuliza kwa namna yake. Nilikwenda kumwona mwisho wa wiki. Baada ya salamu ndefu na mlenda, alisubiri mjukuu wake atoke nje, akasema, "Mwanangu, nikifa leo nitajua unakula. Ukizeeka, nani atakulisha?"

Nikamwambia, "Mama, nipo kwenye mfuko wa pensheni." 

Akasema, "Haya." Mama akisema "haya" kwa sauti ile, ujue mazungumzo hayajaisha.

Latitudo 6 kusini

Nieleze kilichonipata Kidato cha Tatu B, maana hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka kwanza.

Kilikuwa kipindi changu cha Hisabati, na tulikuwa kwenye mada ya dunia kama tufe. Ni mada ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtoto anagundua kuwa namba alizozidharau zinaweza kumwambia alipo. Niliwapa nukta mbili: A ipo latitudo 6 kusini, longitudo 36 mashariki, B ipo latitudo ileile, longitudo 39 mashariki. Nikawaambia A ni hapa tulipo, kwa makadirio, na B ni Zanzibar. Darasa likachangamka. Hawakujua kwamba Zanzibar na Dodoma ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja, kwamba ukielekea mashariki moja kwa moja kutoka kwenye vumbi letu hili unafika kwenye karafuu. Tafuteni umbali, nikasema.

Tofauti ya longitudo walipata: nyuzi 3. Kanuni walinakili. Kisha wote wakasimama mahali pamoja, kana kwamba kuna ukuta. Kanuni inataka kosaini ya 6. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mtoto mwenye bidii sana, alifungua kitabu cha majedwali, akapeleka kidole ukurasa wa logi, akakirudisha, akafungua ukurasa wa mizizi, akakirudisha. Nikamsogelea nikamuuliza taratibu anatafuta nini. Akasema, "Madam, hatukufika hapa."

Hawakufika. Trigonometria ni ya kidato cha pili. Mwalimu wao wa kidato cha pili aliitwa katikati ya mada hiyo. Aliyeshika vipindi vyake alikuwa wa mkataba wa muda, akaitwa na yeye. Wa tatu alianza na mada iliyofuata, kwa sababu mtihani wa taifa wa Novemba ulikuwa unakaribia na alitaka kuokoa alichoweza.

Nilifunga kitabu cha kiada. Tukaanza pembetatu mraba upya, kidato cha tatu, mwezi wa nane.

Somo la hisabati halisamehi pengo. Mtoto akikosa sura moja ya historia, anaweza kuisoma likizo akaelewa inayofuata. Akikosa trigonometria, ataibeba kasoro hiyo kwenye tufe, kwenye vekta, kwenye fizikia, mpaka chumba cha mtihani, na hakuna kikokotoo cha kumwokoa kwenye karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne. Nchi nzima tunalia kwamba watahiniwa wanaofaulu Hisabati kidato cha nne, kwa matokeo ya miaka ya karibuni, hawazidi sana robo. Tunatafuta sababu kwenye akili za watoto, kwenye lugha ya kufundishia, kwenye vitabu. Zote zimo. Lakini mimi nimeiona nyingine kwa macho: watoto arobaini na kitu waliokwama mahali pamoja, mstari mmoja, kwa sababu ya tarehe ya barua ya mtu.

Siku tatu baadaye yule msichana alisoma 0.9945 kwenye jedwali bila kusaidiwa. Akazidisha. Kilomita 331 na ushee. Akauliza kwa nini basi safari ni ndefu kuliko hivyo, na tukapoteza robo kipindi kuzungumzia barabara zinazokunja, reli, na bahari.

Ile robo kipindi ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo sijui nitaipata wapi kwingine. Najua ipo kila penye watoto, hata Kakonko. Lakini watoto hawa nilikuwa nimeshajua wamekwamia wapi, na mwalimu mgeni angehitaji muhula mzima kuligundua tundu lile.

Nikafikiri hapo nimepata jibu la mama. Nimebaki kwa ajili yao.

Haikuwa kweli yote.

60 kutoa 45

Usiku mmoja, umeme umerudi na mtoto amelala, nilifungua akaunti yangu kwenye mfumo wa maombi wa Sekretariati ya Ajira. Ipo siku nyingi, vyeti vimo, namba ya NIDA imo. Kulikuwa na tangazo la walimu na somo langu lilikuwemo. Nikasoma masharti kama nilivyowahi kuyasoma, ila safari hii mstari mmoja ulinisimamisha: mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45.

Nina 44.

Nikachukua kalamu. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Sitini kutoa arobaini na tano ni kumi na tano. Kumi na tano mara kumi na mbili ni 180. Na miezi 180 ya kuchangia ndiyo kiwango cha chini cha kupata pensheni ya kila mwezi, iwe PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, au NSSF, mfuko wetu sisi wa sekta binafsi. Mstari ule wa tangazo, ambao vijana wanaupita bila kuusoma, una hesabu kamili ndani yake. Ukiingia na 45 unatoka na pensheni kwa kuukwaruza ukuta. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Kwa hiyo miaka yote hii nilipokuwa nasema "nimebaki", mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Mtu anayekaa chumbani huku mlango uko wazi bado hajaamua, amekaa tu. Mwaka huu ndio nilitakiwa kuamua kweli.

Nikaandika sababu zangu kwenye daftari la mtoto, ukurasa wa nyuma. Watoto wa Tatu B. Mama yuko Mvumi na miguu yake haimpeleki mbali tena, na nikipangiwa Tunduru au Ukerewe nitamwona mara moja kwa mwaka. Binti yangu yuko darasa la sita. Kiwanja changu Nala, nyumba imefika kwenye linta. Na ya mwisho niliiandika kwa herufi ndogo: nachoka kuanza upya.

Nilikaa na orodha ile muda mrefu. Kuna sauti ilinitaka nichague moja iliyo safi niitangaze, niseme wito, niseme watoto, ili nibaki kwa heshima. Nilijaribu kuwafuta watoto wa Tatu B nione kama ningebaki: ningebaki, kwa ajili ya mama. Nikamfuta mama, nikawarudisha watoto: hapo sikupata jibu. Nikafuta linta, nikaona aibu kwamba ukurasa ulipungua uzito.

Sasa sioni aibu. Waliokwenda hatuwaulizi kama wamefuata wito au mkopo wa benki. Tunajua ni vyote, na tunawapongeza. Kwa nini anayebaki awe mtakatifu ndipo kubaki kwake kuhesabike? Mtu anaweza kuwapenda wanafunzi wake na kuipenda nyumba yake iliyofika kwenye linta, na vyote viwili vikamweka mahali pamoja.

Sikuomba ile nafasi. Muda wa maombi ukapita nikiwa macho, najua ninachokiacha.

Mama wa shule

Lakini kama nimeamua kubaki, ilibidi nijue nimebaki kwenye nini.

Nilikwenda NSSF kuomba taarifa ya michango yangu. Nilimwambia mama nipo kwenye mfuko, na nilitaka kuona kwa macho. Nikaipata, nikaisoma nikiwa nimesimama nje kwenye kivuli cha mwarobaini. Kuna miezi ilikuwa na kiasi chake. Kuna miezi haikuwa na kitu. Siyo mmoja, siyo miwili. Nikarudi nyumbani, nikafungua bahasha ya hati za mshahara: miezi ileile, asilimia 10 yangu imekatwa.

Sheria inamtaka mwajiri awasilishe michango, sehemu yake na ya mfanyakazi, ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika. Yangu ilikuwa imekatwa na haijafika.

Kabla ya hapo nilikuwa nimechoka tu. Siku ile nilikasirika. Nilikumbuka kila nilipoitwa "mama wa shule" kwenye kikao, makofi yakapigwa, halafu nikapewa darasa la mtu aliyeondoka. Vipindi vyangu vilikuwa vimevuka thelathini na tano kwa wiki. Na nikakumbuka kitu kingine ambacho nilikisoma zamani kwenye sheria ileile ya 2004 bila kukitilia maanani: mwajiri akikuachisha kazi, kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ila hesabu inaishia mwaka wa 10. Mimi nimeshavuka kumi. Kwa mizani hiyo, miaka yangu ya karibuni, ile ambayo wenzangu waliondoka na mimi nikaziba matundu yao, haina uzito wowote. Ni kiwango cha chini, mkataba unaruhusiwa kuzidisha. Wa kwangu haukuzidisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa na mimi kuuandika upya.

Niliomba kumwona mkurugenzi. Nikaenda na taarifa ya mfuko, hati za mshahara, na nakala ya ratiba niliyoinakili kwa mkono.

Mzee wetu si mtu mbaya, na nitakuwa mwongo nikimchora hivyo. Aliijenga shule hii kwa kuuza ng'ombe na shamba la zabibu. Tangu ada ilipofutwa shule za serikali mwaka 2016, na kidato cha tano na sita nao wakaingizwa mwaka 2022, mzazi akibanwa anamhamisha mtoto, na deni la ada linabaki vitabuni. Michango ile haikuliwa. Ilinunua unga wa bweni. Aliniambia hivyo waziwazi na namwamini.

"Wewe ni mama wa shule hii," akasema. "Nikikupoteza wewe, nimefunga."

Nikamwambia, "Mzee, nakushukuru kwa hilo. Lakini hata mama wa shule atazeeka. Nitabaki, na nitakwambia nitabaki kwa masharti gani."

Akavua miwani. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwambia hivyo. Waliokuja ofisini kwake na karatasi mkononi walikuja kuaga.

Nilichoandikiwa

Tulikaa naye zaidi ya mara moja, na mhasibu akaingia baadaye. Nitasema tulipofika, kwa sababu walimu wenzangu wa shule binafsi wameniuliza, na naona hatusimuliani mambo haya.

Michango iliyochelewa, ya walimu wote na siyo yangu peke yangu, inalipwa kwa mafungu, na kila mwisho wa muhula mhasibu anabandika risiti kwenye chumba cha walimu. Fungu la kwanza limeshaonekana kwenye taarifa yangu. Vipindi vyangu vina ukomo, na kinachozidi kinalipwa kwa kipindi. Hilo nimeandikiwa mimi tu, wenzangu bado. Fizikia ya Tatu B nimeendelea nayo mpaka apatikane mwalimu, kwa malipo, na maabara nimeirudisha kwa mkuu wa shule kwa maandishi, pamoja na voltimita ya uzi mwekundu. Na mwalimu wa taaluma haandiki herufi za mtu kwenye ratiba kabla ya kuongea naye. Hili la mwisho ndilo lililokubaliwa haraka kuliko yote. Yeye mwenyewe alinifuata jioni ile, akasema alikuwa anaogopa kutuuliza kwa sababu alidhani akituuliza tutasema hapana, na tukisema hapana hana wa kumweka.

Nilimwelewa kabisa. Na yeye amebaki. Naye hakuna aliyemuuliza.

Niliyokosa: kuhesabiwa miaka ya juu ya kumi kwenye kiinua mgongo. Mzee alisema atamuuliza mwanasheria wake, na mpaka leo anauliza. Nyongeza ya mshahara kwa walimu wote alikataa, akanionesha daftari la madeni ya ada, kurasa kwa kurasa. Sikuwa na la kumjibu siku ile.

Mama nilimpigia simu nikamweleza yote, na nikamsomea namba ya miezi iliyokwisha kuchangiwa. Aliuliza imebaki mingapi kufika 180, nikamwambia. Akauliza kama mzee ataleta kweli hayo mafungu mengine. Nikamwambia karatasi ipo na sahihi zipo. Safari hii hakusema "haya". Alisema nimletee nakala aiweke kwenye sanduku lake, pamoja na hati ya shamba.

Mwezi huu kuna wenzetu wawili wameitwa kwenye usaili, mmoja wa Biolojia na mmoja wa Kiingereza. Nimewasaidia kupitia maswali na nitawaaga kwa furaha wakipata. Nimewaomba jambo moja tu: kila mmoja aniandikie, darasa kwa darasa, amefika mada gani na nani hajaelewa nini. Wa Biolojia ameshanipa kurasa nne.

Mkataba wangu mpya unaisha Desemba mwakani. Mwezi wa tisa kabla ya hapo nitarudi ofisini kwa mzee kuzungumzia ile miaka ya juu ya kumi, na sitakwenda peke yangu. Nitakwenda na mwenzangu wa Kemia na mwalimu wa taaluma, maana nao wamebaki, na bado hawajaandikiwa kitu.